Bibi Madrasa Kati ya Imamu na Mkwe

Sauti yake ilitangulia kufika. Ulikuwa unaisikia tangu sokoni, kabla hujakata kona ya kwenda msikitini, ikiwafokea watoto kwamba wanasoma kama watu wanaokimbia mvua. Ukifika ndipo unashangaa kumkuta mwanamke mfupi, mwembamba, ameketi mkekani na fimbo ya mpera ambayo sikuwahi kumwona akimchapa nayo mtu yeyote. Alifukuzia kuku. Babati nzima, Waislamu na Wakristo, walimwita Bibi Madrasa. Hata kaka yake wa tumbo moja, ambaye ndiye alikuwa imamu wetu, alimwita hivyo hivyo mbele za watu.

Mimi nilimfahamu nikiwa mtu mzima. Nilizaliwa Mutuka kwa wazazi Wakatoliki, wakulima waliohamia kutoka Mbulu, nikaja kuolewa mjini na kijana Mwislamu mwenye duka dogo karibu na soko. Nilisilimu kwa hiari yangu. Baba yangu alininunia msimu mzima wa kilimo, mavuno yalipotoka akanisamehe. Mume wangu akanipeleka kwa Bibi Madrasa nifundishwe kuswali na kusoma.

Niliona aibu, mke wa mtu kukaa mkeka mmoja na watoto wanaong'oka meno. Siku ya kwanza tulifika kwenye ile herufi ya ain, inayotokea ndani kabisa ya koo, na watoto wote walikuwa wakiimeza. Ilipofika zamu yangu nikaitamka. Bibi Madrasa akaacha kuku wale mahindi.

"Rudia."

Nikarudia.

"Hii umejifunzia wapi?"

"Nyumbani, Bibi. Kiiraqw chetu kinayo. Tunaitamka kila siku."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Jioni ile akamwendea kaka yake imamu, akamwambia kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, "Sisi na babu zetu wa pwani tumehangaika na hii ain maisha yetu yote, kumbe wenyewe wako Mutuka wanaitia mbuzi!" Tangu siku hiyo nikawa mtu wake.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, miaka ile ambayo duka la mume wangu lilikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa. Sabuni hakuna, tulifulia majani ya mpapai. Mafuta ya taa yakija yanakwisha kabla habari hazijafika Singe. Sukari ilikuja kwa gari la serikali mara mojamoja, na siku ikija mji wote ulihamia kwenye foleni. Watu walipanga mawe na makopo kushika nafasi zao alfajiri, kisha wakarudi nyumbani kunywa uji. Bibi Madrasa hakuwahi kuweka jiwe. Alikuja mwenyewe na mkeka wake, akakaa katikati ya foleni, akaanza kusomesha. Wanafunzi wake walijua kuwa siku ya sukari darasa linahamia huko, na foleni ikisogea, darasa nalo linasogea. Nusu ya sura fupi nilizohifadhi nilizihifadhi nikiwa nimeshika mfuko mtupu.

Alikuwa na neno lake moja ambalo watu walimwiga kwalo. Mtu akimweleza jambo, awe mzee wa msikiti au kijana wa juzi, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akasema, "Nimekusikia. Sijakubali. Haya, kunywa chai." Chai yenyewe wakati mwingi ilikuwa ya asali ya Bonga, na wakati mwingine haikuwa na chochote. Betri za redio yake alizianika juani kama dagaa ili zipate nguvu ya taarifa ya habari ya jioni, na zikikata katikati, alimalizia habari mwenyewe.

Nisimfanye malaika. Alihubiri umoja kila mahali, kwenye harusi, kwenye matanga, kisimani, na muda wote huo alikuwa hasemi na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mama Husna. Mbuzi wa Mama Husna alikula kanga yake mpya iliyoanikwa uani, na kanga mpya miaka ile ilikuwa kitu cha kuotwa tu. Mama Husna alisema kosa ni la aliyeanika chini. Basi wakawa wanazungumza kupitia ukuta. "Ewe ukuta," Bibi Madrasa anaanza, "mwambie mwenzako maji ya bomba yameanza kutoka." Na upande wa pili: "Ewe ukuta, mwambie nimeshajua, lakini ahsante." Nilipomuuliza vipi anaipatanisha Babati na kushindwa kupatana na Mama Husna, alinitazama kama nimeuliza upumbavu. "Wale wanagombania dini," alisema. "Mimi nagombania kanga."

Na walikuwa wanaigombania kweli. Mkwe wake, mume wa binti yake wa kwanza, alikwenda nje kusoma, akarudi na ndevu nzuri, Kiarabu safi na begi la vitabu. Kijana mpole nyumbani, lakini akisimama msikitini anakuwa moto. Alisema maulidi hayana asili. Alisema hitima, zile karamu za kumwombea marehemu, zinafilisi wajane. Alisema tarawehe za Ramadhani ni rakaa nane, si ishirini kama tulivyozoea. Vijana wakamfuata. Upande wa pili akasimama imamu, kaka yake Bibi Madrasa, mzee mrefu mwenye kofia iliyokaa kichwani kama imezaliwa pale, ambaye alikuwa akisoma maulidi tangu hajaota ndevu. Yeye alisema watoto wa jana hawawezi kumfundisha kumpenda Mtume.

Mimi niliyeingia dini hiyo juzi nilichanganyikiwa. Kanisani kwetu Mutuka waligombana pia, lakini kwa Kiiraqw, nilikuwa naelewa.

Ramadhani ya mwaka ule mambo yakafika mlangoni, na nasema mlangoni kwa maana ya mlango wenyewe. Vijana wakishaswali rakaa nane walikuwa wanatoka, wazee wanabaki kuendelea. Sasa viatu hakuna madukani, mji mzima umevaa katambuga, ndala za mpira wa matairi ya gari, na zote zinafanana. Wanaotoka kwanza wanavaa zilizo karibu. Wazee wakimaliza ishirini wanakuta zimebaki zilizokatika kamba. Mzee mmoja, mwuza nyama, alirudi nyumbani na viatu vya mguu wa kushoto vyote viwili, na asubuhi yake akatangaza buchani kwamba hao vijana si watu wa suna, ni wezi. Kijana mmoja akamjibu mbele ya wateja. Wakashikana mashati. Baada ya hapo vijana wakahama, wakaanza kuswali kwenye stoo ya mahindi iliyokuwa tupu, na mahindi yenyewe ndiyo hayakuwepo mwaka ule.

Bibi Madrasa alikasirika na pande zote. Maulidi aliyapenda kwa moyo wake wote. Yeye ndiye aliyeongoza kasida za wanawake, na akifika pale watu wanaposimama kumsalia Mtume alilia kila mwaka. Lakini kwa suala la hitima alimwambia kaka yake waziwazi kwamba mkwe anasema kweli. Alikuwa amemwona mjane wa Bonga akiuza mbuzi wake wa mwisho ili kulisha watu wanaokuja kumwombea mumewe. "Kijana amerudi na elimu," alikuwa akisema, "ila salamu kazisahau huko huko." Mkwe aliposikia akaja kumwamkia, shikamoo ndefu, na kuanzia siku hiyo akawa anapita kila asubuhi. Hakuacha kumwambia maulidi ni uzushi. Yeye naye hakuacha kumwambia amemsikia na hajakubali.

Siku moja ya foleni ya sukari nilimwona Bibi Madrasa akisimama mkekani. Imamu alikuwa mbele kidogo, mkwe nyuma yake kwa watu wachache, na kati yao wazee na vijana waliokataa kuswali pamoja walikuwa wamebanana kifua kwa mgongo, kila mmoja akihofia nafasi yake isiingiliwe.

"Safu nzuri hii!" alipaza sauti. "Hakuna hata upenyo. Imamu, wageukie uwaswalishe, maana hapa hatoki mtu baada ya rakaa nane."

Foleni yote ilicheka, hata mwuza nyama. Hata mkwe alitabasamu akitazama chini. Lakini jioni kila mtu alirudi kwake, wazee msikitini, vijana stoo.

Mzee wake, mume wa Bibi Madrasa, alikuwa fundi baiskeli. Katika kumbukumbu zangu zote sina sentensi yake hata moja iliyozidi maneno matano. Watu walisema Mungu alimpa mkewe maneno ya wote wawili. Alifariki ghafla, asubuhi, akiwa ameshika pampu.

Msiba ule ulitukuta hatuna sanda. Kitambaa cheupe hakikuwepo Babati nzima, na gari la Arusha halikuwa na mafuta. Tulikuwa tumekaa chumbani na Bibi Madrasa alipoingia mama mmoja Mlutheri kutoka Singe. Aliweka kifurushi magotini pake. Ilikuwa marekani nyeupe, aliyoihifadhi mwaka mzima kwa gauni la kipaimara la binti yake.

"Binti atavaa la dada yake," alisema yule mama. "Chukua, Bibi."

Bibi Madrasa aliikumbatia ile marekani na ndipo akalia. Mzee akavishwa sanda iliyotoka kwa Walutheri, na sikusikia mtu wa msikitini wala wa stoo akiuliza ni halali au ni uzushi. Mama Husna naye alikuja wa kwanza kuliko wote, akabeba maji ya kuogeshea ndoo kwa ndoo. Alipita mlangoni na kurudi mpaka pipa likajaa. Bibi Madrasa alimtazama tu, akampa nafasi kwenye mkeka.

Wanaume wakachukua jeneza kuelekea makaburini, upande wa barabara ya Bonga. Mawingu yalikuwa yameshaufunika mlima Kwaraa. Sisi wanawake tukabaki. Tukadhani sasa wameshamzika, mara mume wangu akarudi kwa baiskeli, amelowa jasho.

"Hawajamzika," alininong'oneza dirishani. "Wanagombana. Jeneza liko chini."

Ugomvi ulikuwa juu ya talkini. Ni maneno anayosomewa maiti akishafukiwa, kumkumbusha majibu atakayowapa malaika watakapomuuliza Mola wake ni nani na Mtume wake ni nani. Imamu alisema atamsomea shemeji yake kama alivyowasomea wote waliolala pale. Mkwe akasema, kwa adabu mwanzoni, "Mjomba, naomba kwa baba yangu huyu tusifanye. Jambo hili halina dalili, Mtume hakuliagiza." Mwingine akadakia, mwingine akamjibu, na sasa watu walikuwa wanasukumana juu ya kaburi lililo wazi.

Nilitaka kumficha Bibi Madrasa habari hiyo, lakini alikuwa ameshasikia. Alikuwa ndani ya eda, hawezi kutoka. Akasema kwa sauti ile ile ya kufukuzia kuku, ili mume wangu aisikie vizuri:

"Nenda kawaambie mume wangu alikuwa hapendi kelele. Wamzike. Wakimaliza waje wagombane hapa kwangu, nitawapa chakula."

Mume wangu alipanda baiskeli. Alipofika, aliutoa ujumbe kama alivyopewa, neno kwa neno, na anasema watu walinyamaza wote kwa pamoja, maana kila mtu alimkumbuka yule mzee na ukimya wake. Wakamshusha. Hapo hapo mvua ya Kwaraa ikawashukia, mvua ya kupiga kama changarawe, wakafukia mbio, wakakimbia. Mpaka leo hatujui kama talkini ilisomwa. Imamu alisema aliisoma kimoyomoyo akikimbia. Mkwe alisema haikusomwa. Kila mmoja akaridhika.

Walipofika nyumbani, Bibi Madrasa aliwaita wawili hao ndani, akawaagizia sinia moja. Ilikuwa ugali na maharage waliyoleta watu wa Singe. Kaka yake akakaa upande huu, mkwe wake upande ule, matope hadi magotini.

"Kuleni kwanza," alisema. "Mkiwa na njaa mnakuwa wabaya, nyote wawili nawajua."

Wakala. Kisha akawaambia, haya, semeni. Nilikuwa pale nikimimina chai, nimesikia yote. Mkwe alileta vitabu vyake kwa kichwa, imamu akaleta vya walimu wake. Ubishi ulichukua mchana wote. Mara sauti zinapanda, mara mmoja anamwongezea mwenzake maharage bila kuacha kubisha. Hakuna aliyemgeuza mwenzake hata kwa unyoya. Mwishowe Bibi Madrasa akauliza swali moja tu.

"Leo mlikuwa mnamgombania nani?"

"Marehemu," alisema imamu.

"Mlimuuliza alitaka nini?"

Imamu akalirudisha tonge siniani.

"Mimi pia sikumuuliza," alisema Bibi Madrasa. "Miaka yote nimelala naye kitanda kimoja, sikumuuliza. Basi kuanzia leo kila mtu aseme mwenyewe angali hai. Anayetaka kusomewa asomewe, na wewe mkwe wangu usimame pale unyamaze. Asiyetaka asisomewe, na wewe kaka yangu usimame pale unyamaze. Kunyamaza nako hakuna dalili?"

Mkwe alicheka kwanza. "Dalili ipo, Mama," alisema. "Hiyo ipo."

"Mjomba wako amekusikia," alisema imamu, "na safari hii amekubali."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hawakuungana kama watu wanavyoungana kwenye hotuba. Maulidi yalisomwa, vijana hawakuja. Lakini Ramadhani iliyofuata walirudi kuswali isha pamoja msikitini, na wa rakaa nane wakatokea mlango wa pembeni, polepole, wakiwa wameacha viatu vyao huko huko.

Jambo ambalo hakulitegemea ni wageni. Eda ilipokwisha, watu walianza kumiminika barazani kwake kumwambia wanataka nini siku yao ikifika. Hakuandika chochote, alishika kichwani, na watu walimwamini kuliko karatasi. Mwuza nyama alikuja kusema asomewe, na asomewe kwa sauti. Wiki iliyofuata alimkasirikia imamu juu ya bei ya utumbo, akaja kusema asisomewe kabisa. Akapatana naye, akarudi tena. "Mzee," Bibi Madrasa alimwambia, "wewe usife mpaka uamue moja." Mama Husna alikuja pia, kwa mlango wa mbele, akasema lake moja kwa moja bila ukuta. Wakawa wanasemeshana vizuri kabisa mpaka karibu na Ramadhani, ambapo kuku wa Bibi Madrasa aliingia kwenye bustani ya mchicha, wakarudi ukutani.

Nilimwona mara ya mwisho miaka mingi baadaye. Mimi na mume wangu tulikuwa tumehamia Arusha, binti yetu Zaituni ameshaolewa, na Babati ilikuwa imejaa maduka ambayo mtu anaingia na kuchagua sabuni. Nilimkuta kitandani, amekuwa mdogo kuliko mto aliolalia, lakini sauti ilikuwa ile ile. Alinitaka nitamke ain. Nikaitamka. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonja chumvi na kukuta imekolea.

Tulizungumza habari za watu. Imamu alikuwa anatembelea fimbo sasa, mkwe alikuwa na mvi ndevuni. Bado walikuwa hawajakubaliana juu ya jambo lolote. Nikamuuliza swali ambalo nilishangaa hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Na wewe, Bibi? Wewe ulimwambia nani lako? Usomewe au usisomewe?"

Alitazama mlangoni kuhakikisha tuko peke yetu. Macho yakamwaka.

"Kaka yangu nimemwambia anisomee," alisema. "Mkwe wangu nimemwambia asiruhusu nisomewe."

"Bibi! Si watagombana?"

"Watagombana."

"Juu ya kaburi lako?"

"Mama Zaituni, mwanangu," alisema, akinishika mkono, "mimi nikiondoka, nani atawakalisha sinia moja hao? Angalau mara moja zaidi watalazimika kukaa." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikarudi kuwa kicheko, mpaka binti yake akaja kuuliza tunacheka nini. Hatukumwambia.

Alifariki kabla ya mvua za mwaka ule. Tulikwenda kuzika. Mimi nilibaki na wanawake, na kwa mara ya kwanza nyumba ile ilikuwa na utulivu ambao haukumfaa. Wanaume waliporudi, nilimvuta mume wangu pembeni.

"Ilikuwaje?"

Akasema walimfukia vizuri, jua linawaka. Imamu akakaa kichwani mwa kaburi, akasafisha koo. Mkwe akamwinamia, akamwambia taratibu, "Mjomba, samahani sana. Mama aliniagiza asisomewe." Imamu akasema, "Mimi aliniagiza nimsomee." Mkwe akasema, "Haiwezekani." Imamu akasema, "Kwa kinywa chake." Wakatazamana. Kisha mabega ya imamu yakaanza kutikisika, watu wakadhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka kofia ikamdondokea kwenye udongo mbichi, na mkwe aliyeinama kuiokota naye akashindwa kujizuia, akakaa chini hapo hapo kando yake.

"Sasa ikawaje?" niliuliza. "Alisomewa?"

"Sijui," mume wangu alisema. "Sisi tuliondoka. Tuliwaacha wamekaa."